Mafini ya ndizi na embe: usiyapige kama mkate wa mayai

Assalaam alaykum wapenzi, leo tupike mafini, vile vikeki vidogo vya matunda, na kabla ya vipimo naanza na mkono maana ndo tunapoharibia wengi wetu huku Unguja na Pemba. Sisi tumekulia kwenye mkate wa mayai, unapiga mayai na sukari mpaka mkono unauma, yakiumuka yakawa meupe ndo mkate unapanda. Mafini hayataki hivo kabisa. Mara yangu ya kwanza nilitia mashine nikapiga rojo dakika tano mpaka likawa laini linang'aa, yakatoka yamechongoka juu, kukata katikati ndani mna vishimo virefu kama njia za mchwa na yanavutika mdomoni. Unga wa ngano ukishalowana kila ukiupiga unazidi kukaza, kwenye mkate wa hamira tunautaka huo mkazo, hapa hatuutaki.

Haya, yatatoka 12. Bakuli la kwanza tia unga wa ngano vikombe 2, bekin pauda vijiko 2 vya chai, sukari robo tatu kikombe, chumvi nusu kijiko cha chai, mdalasini kidogo na iliki kijiko 1 cha chai, na iliki tafadhali itwange hapohapo, ile iliyosagwa zamani harufu ishakimbia. Bakuli la pili mayai 2, mafuta nusu kikombe, maziwa robo kikombe, na ndizi uliyoiponda kwa uma kikombe 1 na robo. Ndizi iwe imeiva mpaka ganda limepiga madoa meusi, ile watoto wanaikataa, hiyo ndo tamu kwa sababu wanga wake ushageuka sukari. Ukitumia kisukari usihesabu ndizi, pima kwa kikombe, maana ni ndogondogo.

Embe mie napenda boribo lililoiva lakini bado gumugumu, kikombe kimoja, likate vipande kama punje za mahindi, lipanguse maji kwa kitambaa safi kisha livuruge na kijiko kimoja cha ule unga wako mkavu, lisije likazama lote chini. Kama huna embe tia nanasi, ila likamue kweli kweli.

Sasa mwagia vya maji kwenye vikavu, shika mwiko, toa chini pindua juu taratibu, mara kumi na tano hivi zinatosha, ukiona unga mkavu hauonekani tena basi simama. Utaona vibonge vidogo na roho itakuuma, viache, vitajipika vyenyewe. Tia embe, pindua mara mbili tatu, jaza kwenye vibati ulivyopaka mafuta, robo tatu tu. Oveni iwe ishapata moto wa 180, dakika 20 mpaka 25, chomeka kijiti katikati kikitoka kikavu tayari.

Huna oveni? Palia moto kama unavyopalia mkate wa kumimina. Sufuria nzito, mchanga mkavu chini kama unene wa vidole viwili, funika uipashe dakika 15, ndo upange vibati juu ya mchanga, funika kwa sinia, makaa mengi juu na chini machache sana, ukikosea hapo chini yanaungua na juu bado mabichi. Usifunue funue kabla ya robo saa. Na washa mkaa kwanza ndo uchanganye, kwa sababu bekin pauda inaanza kazi ikiguswa na maji, rojo likingoja nguvu inapotea, na hata mwenye oveni siku ya umeme wa wasiwasi bora awe na jiko lake karibu.

Yakiiva yaache kwenye vibati dakika 5 tu kisha yatoe, ukiyasahau humo yanatoa jasho chini yanalowana. Yafunike yakishapoa kabisa, siku ya pili ndizi ndo inakolea zaidi.