Wiki moja ya kujifunza vipimo kwa vitendo katika Darasa la Nne

Vipimo ni mada ya Hisabati ambayo mwanafunzi anaweza kuifaulu vizuri katika mtihani bila ya kuwahi kugusa mizani. Atajibu upesi kwamba kilo moja ni gramu 1000, lakini ukimwekea mfuko wa mchanga mkononi na kumuuliza kama unafika kilo, atabahatisha. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuiendesha mada hiyo kwa vitendo kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, katika darasa la Tanzania lenye wanafunzi 60 au 70 na vipindi vya dakika 40. Kanuni yake kuu ni kwamba mwanafunzi akadirie kwanza, aliandike kadirio lake, ndipo apime. Asiyekadiria hupima kwa kuwa ameambiwa, ilhali aliyekwisha kuandika namba yake hupima akitaka kujua kama amepatia.

Vifaa vikusanywe wiki iliyotangulia: chupa tupu za maji za nusu lita, makopo ya maumbo mbalimbali, kamba ya katani, henga za mbao za kutundikia nguo, mifuko midogo na mchanga mkavu. Mzazi asiagizwe kununua chochote, kwa sababu vyote hivyo hupatikana nyumbani au vinatupwa. Mwombe mwalimu wa taaluma akubadilishie ratiba ili Jumatano na Alhamisi upate vipindi viwili vinavyofuatana. Gawa darasa katika vikundi vya watu sita, na kila kikundi kiwe na mpimaji, mwandishi na mtunza vifaa. Kazi hizo zibadilishane kila siku, la sivyo yule mwenye mwandiko mzuri ataandika wiki nzima bila kushika kamba. Kila mwanafunzi achore katika daftari lake jedwali lenye safu nne: kitu, kadirio, kipimo na tofauti.

Jumatatu wapime urefu kwa kutumia miili yao. Waonyeshe shubiri (kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho, vidole vikiwa vimetanuliwa), dhiraa (kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati) na pima (upana wa mikono miwili iliyonyooshwa pembeni), kisha wapime dawati kwa shubiri na kila kikundi kiandike jibu lake ubaoni. Majibu hayatalingana: mmoja atapata saba, mwingine tisa, na wewe mwenyewe ukipima utapata pungufu kuliko wote. Uliza nani amekosea, halafu nyamaza. Hapa walimu wengi huharibu somo kwa haraka ya kuleta rula na kutoa maelezo, ilhali dakika chache za mabishano ndizo zinazowafanya watoto wenyewe wadai kipimo kisichobadilika. Swali moja huwasaidia sana: kama kitambaa kinauzwa kwa dhiraa, mama amtume nani dukani, na mwenye duka angependa mkono wa nani utumike? Kabla ya kengele, kila mmoja ahakiki kwa mwili wake kama ni kweli kwamba dhiraa moja hukaribia shubiri mbili na pima moja hukaribia dhiraa nne.

Jumanne kila kikundi kitengeneze mita yake kwa kamba na rula ya sentimita 30. Alama ziwekwe kwa kalamu ya wino kila baada ya sentimita 10. Wasifunge mafundo, kwa kuwa kila fundo humeza sehemu ya kamba na mita huishia kuwa fupi. Pita ukiangalia wanavyoanza, maana rula nyingi zina nafasi ndogo kabla ya sifuri, na mtoto anayeanzia kwenye ukingo wa rula, au kwenye alama ya 1, hurudia kosa lilelile kila anapoihamisha. Kamba ikikamilika waikunje katikati, na alama ya 50 iangukie penye mkunjo. Isipoangukia hapo, watafute wenyewe mahali walipokosea. Baada ya hapo nusu ya vikundi vipime kibaraza na nusu vipime darasa, kisha wabadilishane.

Jumatano ni siku ya ujazo, na ni siku ya kulowana, kwa hiyo kazi ifanyike nje. Swali la kuanzia ni chupa ngapi za nusu lita zitafikia alama ya lita 10 katika ndoo. Wanaojua kugawanya watasema 20, lakini wakizijaza chupa hadi mdomoni ndoo itafika kwenye alama mapema kidogo, kwa kuwa chupa iliyojaa pomoni hubeba zaidi ya mililita 500. Weka chupa moja ambayo haijafunguliwa ili walinganishe na kuchora mstari sahihi kwenye zao. Kisha walinganishe chupa nyembamba ndefu na kopo pana fupi, kwani karibu wote watasema ile ndefu ndiyo inayobeba zaidi. Mahali ambapo maji ni ya shida, mchanga mkavu unatosha.

Alhamisi watengeneze mizani, kazi inayostahili muda kuliko zote. Henga itundikwe kwenye msumari kwa kulabu yake, na kila upande uning'inizwe mfuniko uliofungwa kwa kamba tatu zenye urefu sawa. Isiposimama sawa ikiwa tupu, ubandikwe udongo kidogo upande mwepesi mpaka itulie, na kikundi kisichofanya hivyo kisiruhusiwe kuendelea. Mililita 500 za maji zina gramu 500, kwa hiyo chupa iliyojazwa hadi mstari wa jana ndiyo jiwe lao la kwanza la kupimia. Upande wa pili iwekwe chupa tupu ya aina ileile pamoja na mfuko, ili uzito wa plastiki usiingie katika hesabu, kisha mchanga umiminwe mfukoni hadi pande zote zilingane. Mchanga huo wa nusu kilo ugawanywe kwa mizani hiyohiyo, wapate robo mbili, na robo moja igawanywe tena wapate gramu 125.

Ijumaa vikundi vifungue soko la mchanga na kokoto. Wanunuzi wakadirie kwa mkono kabla ya kupimiwa, na wanafunzi wawili wawe wakaguzi wa Wakala wa Vipimo, wanaokagua mizani ikiwa tupu na kulinganisha robo za wauzaji. Daima atatokea muuzaji aliyeongeza udongo kwenye upande mmoja, na darasa lielezwe na wakaguzi, si na mwalimu, alivyogunduliwa.

Kwa upimaji wa wiki, kusanya madaftari usome safu ya tofauti. Ambaye tofauti zake hazikupungua katika kazi za mwisho apewe mifuko azidi kuishika na kukadiria, badala ya maswali zaidi ya kubadili vizio. Mawe hayo ya kupimia, yaani mifuko ya mchanga, yahifadhiwe mahali pakavu na yalinganishwe tena na chupa ya maji kabla ya kutumika muhula ujao, kwa kuwa mchanga uliokuwa na unyevu siku ya kupimwa hupungua uzito unapokauka.