Somo: Kuifuata Maine Mariners msimu mzima ukiwa Portland

Somo hili ni la anayekaa Portland, Maine, au miji ya jirani, anayejua mpira wa miguu vizuri na hoki ya barafuni kidogo au hajui kabisa. Tiketi moja unaweza kununua bila somo. Kuishabikia timu ya daraja la chini kuanzia Oktoba hadi Aprili ni kazi nyingine, kwa sababu timu hiyo hubadilika usiku na mchana, na asiyejua sababu hukata tamaa kabla ya Krismasi.

Hatua ya 1: Jua timu imekaa wapi kwenye ngazi

Mariners wanacheza ligi ya ECHL, ambayo ni daraja la tatu la hoki ya kulipwa. Juu yake ipo AHL, na juu kabisa ipo NHL. Tangu msimu wa 2021-22 Mariners wako chini ya Boston Bruins, kwa hiyo njia ya mchezaji ni hii: Portland, kisha Providence Bruins ya AHL, kisha Boston. Usifananishe na ligi zetu za mpira wa miguu ambako timu yenyewe hupanda au kushuka daraja. Hapa timu hukaa palepale na wanaopanda ni wachezaji, mmoja mmoja, wakati mwingine kwa simu ya asubuhi na basi la mchana.

Jina la Mariners ni la zamani kuliko timu hii. Mariners wa kwanza walianza 1977 katika AHL, mwaka uleule uwanja wa sasa ulipofunguliwa, wakachukua Kombe la Calder, la ubingwa wa AHL, 1978 na 1979, kisha tena 1984. Wakahamia Utica, jimbo la New York, 1987. Mji ukapata Mariners wengine chini ya Boston, nao 1992 wakahamishiwa Providence, na hao ndio Providence Bruins wa leo. Yaani wanaotuchukulia wachezaji kila wiki walitoka hapahapa. Portland Pirates walikuja 1993 wakaondoka 2016. Mariners wa sasa walianza msimu wa 2018-19. Ukimkuta mzee kiti cha jirani amevaa jezi usiyoitambua, hiyo ndiyo historia yake.

Hatua ya 2: Chagua mechi, kisha kiti

Kila timu hucheza mechi 72 za msimu wa kawaida, nusu yake nyumbani. ECHL hupenda kupanga mechi tatu kwa siku tatu, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Ukiwa na hela ya mechi moja tu na unataka hoki nzuri, nenda Ijumaa. Jumapili miguu imechoka, pasi zinapotea, na mara nyingi golini yuko kipa wa pili. Lakini Jumapili ndiyo rafiki wa watoto, maana mechi huwa ya alasiri.

Tiketi ya mtandaoni huongezewa ada ya huduma, na kwa familia ya watu sita ada hiyo inauma. Uliza bei ya dirishani kwenye uwanja, Cross Insurance Arena. Uliza pia tiketi za kundi, kwani kanisa au jumuiya ikijikusanya bei hushuka.

Kuhusu kiti, wageni wote hukimbilia kioo kinachozunguka barafu. Safu za mbele ni tamu kwa kusikia mbao za ukingoni zikigongwa, ila puki (kisahani kinachochezewa) ikiwa kona ya upande wako huioni, na mchezo wa upande wa pili unaufuata kwa kuangalia skrini. Anayetaka kujifunza akae juu kidogo, kati ya mstari mwekundu wa katikati na mstari wa buluu, unaoanzisha eneo la kushambulia. Ukitaka kukaa nyuma ya goli, kaa nyuma ya lile lililo mbali na benchi la wenyeji. Wenyeji hulishambulia goli hilo katika kipindi cha kwanza na cha tatu, kwa hiyo unapata vipindi viwili vya mashambulizi kwa bei ileile. Huko kuna wavu wa kukinga, na jicho huuzoea baada ya dakika tano.

Hatua ya 3: Kufika na kuvaa

Ndani ni baridi ya kukaa saa mbili na nusu, siyo ya barabarani. Sweta, soksi nzito na koti unaloweza kulivua vinatosha. Soma masharti ya mifuko kwenye ukurasa wa uwanja siku hiyohiyo, kwani hubadilika. Theluji ikianguka, jiji hutangaza marufuku ya kuegesha barabarani usiku, na gari lililoachwa huvutwa. Weka kwenye jengo la maegesho. Wa basi aangalie basi la mwisho kabla ya kutoka nyumbani, siyo baada ya muda wa nyongeza.

Adabu moja wageni huikosa: usitembee kwenda kitini puki ikiwa inachezwa. Simama juu ya ngazi mpaka filimbi ipulizwe. Watu hawatakuambia, watakununia tu.

Hatua ya 4: Tazama hivi

Kila upande una watu watano na golikipa. Vipindi ni vitatu, kila kimoja dakika 20, na saa husimama kila filimbi inapolia. Puki ni kisahani cha mpira mgumu, unene inchi 1 na upana inchi 3, gramu 156 hadi 170, na hugandishwa kabla ya mechi ili isidunde.

Wiki ya kwanza usihangaike kuiona puki. Angalia mabega ya wachezaji, yanaelekea ilipo. Ukishazoea, angalia mabenchi. Mchezaji hukaa barafuni kama sekunde 45 kisha hubadilishwa bila mchezo kusimama. Mabao mengi huzaliwa hapo, mmoja akichelewa kutoka. Kipindi cha pili timu hubadilishana magoli, benchi linakuwa mbali na goli unalolinda, na beki aliyechoka hawezi kutoka. Ndiyo maana kipindi cha pili hufunguka.

Sheria tatu zitakutosha mwezi wa kwanza. Ofsaidi: puki lazima ivuke mstari wa buluu kabla ya mshambuliaji. Haina uhusiano na beki wa mwisho kama kwenye soka, lisahau hilo kabisa. Aisingi: ukiipiga puki kutoka nyuma ya mstari wa katikati ikapita mstari wa goli wa mbali bila kuguswa, inarudishwa upande wako, na waliokuwa barafuni hawaruhusiwi kubadilishwa. Timu iliyopungukiwa mtu husamehewa aisingi. Adhabu: kosa dogo ni dakika 2 kwenye kizimba cha adhabu, timu ikicheza pungufu, na wapinzani wakifunga bao, aliyefungiwa hutoka. Kosa kubwa ni dakika 5 na hukaa zote hata wakifunga matatu. Kuna kosa moja huwashangaza wageni: beki akiitupa puki moja kwa moja nje juu ya kioo akiwa eneo lake, ni dakika 2, hata kama hakukusudia.

Hatua ya 5: Soma msimamo bila kudanganyika

Ushindi ni pointi 2. Kushindwa baada ya dakika 60, yaani kwenye muda wa nyongeza au mikwaju, ni pointi 1. Kushindwa ndani ya dakika 60 ni sifuri. Kosa la kila mgeni ni kulinganisha pointi tupu, wakati timu hazijacheza mechi sawa. Zidisha mechi zilizochezwa kwa mbili, kisha gawanya pointi kwa jibu hilo. Timu yenye pointi 48 kwa mechi 40 ina 48 kwa 80, yaani .600. Yenye pointi 50 kwa mechi 44 ina 50 kwa 88, yaani .568. Ya pili iko juu kwenye jedwali lakini iko nyuma kwa ukweli. Timu nne za kwanza za kila kundi huingia kwenye mchujo wa Kombe la Kelly, la ubingwa wa ECHL, kwa hiyo hesabu hii ianze Januari, usingoje Machi.

Kwa golikipa, angalia asilimia ya kudaka. Mashuti 30, amedaka 27, ni .900. Chini ya hapo kwa mwezi mzima, kocha anatafuta mwingine.

Hatua ya 6: Fuata taarifa za usajili, kisha ndipo ununue jezi

Hapa ndipo shabiki wa kweli anapojulikana. Kila siku ligi hutoa orodha ya waliopandishwa, walioshushwa, waliobadilishwa na walioachwa. Isome asubuhi kama unavyosoma hali ya hewa. Washambuliaji wawili wa Boston wakiumia, Boston huchukua wengine kutoka Providence, Providence huziba kwa kutuchukulia wetu, na Jumamosi unakuta laini ya kwanza (washambuliaji watatu wakuu) ina majina mapya. Si kocha aliyekosea.

Mchezaji mwenye mkataba na Boston au Providence yuko kwetu kama wa mkopo na anaweza kuitwa saa yoyote. Mwenye mkataba wa ECHL naye huweza kuitwa AHL kwa mkataba wa majaribio, ila huwa na mizizi zaidi. Kwa hiyo jezi yenye jina la kijana wa miaka 21 anayefunga kila wiki ni hela ya hatari. Nunua isiyo na jina, au ya mkongwe aliyekaa misimu miwili mitatu.

Hatua ya 7: Usiku wa dubu

Timu nyingi za madaraja ya chini huwa na usiku wa kurusha midoli, hasa ya dubu, barafuni wenyeji wakifunga bao, kisha hukusanywa na kugawiwa. Desturi hiyo ilianzia Kamloops, Kanada, 1993, na rekodi wanayo Hershey Bears wa AHL: midoli 102,343 Januari 2025. Nunua mpya, laini, bila betri, bila macho ya kioo. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki, la sivyo inaloana na haifai kugawiwa. Rusha bao la kwanza la wenyeji tu. Mara nyingi watu hurusha bao likiwa bado linapitiwa na waamuzi, kisha likakataliwa. Ngoja refa aelekeze kidole golini. Ukikaa safu za juu, shuka nayo au mpe wa chini yako, kwa kuwa mdoli laini haufiki mbali.

MASWALI YA WANACHAMA

*Nina mtoto wa miaka minne. Ni salama?*

Ndiyo, dada. Hatari ni mbili. Ya kwanza ni honi ya bao, hivyo mvalishe vizuia sauti vya masikioni. Ya pili ni puki inayotoka nje. Nyuma ya goli kuna wavu, pembeni hakuna, kwa hiyo pale wavu unapoishia ndipo pabaya zaidi. Mtoto asikae hapo. Puki ikiingia jukwaani ni yenu, hairudishwi.

*Shikamoo mwalimu. Golikipa aliyedaka vizuri Ijumaa, Jumapili hayupo hata benchi. Kaumia?*

Marahaba. Angalia kwanza orodha ya usajili, huenda amepanda Providence. Kipa mmoja akiumia Boston, ngazi zote tatu hutikisika siku hiyohiyo. Ikitokea ghafla, timu humvalisha kipa wa dharura, mtu wa mji mwenye kazi yake nyingine, akae benchi ili sheria itimie.

*Niko Nairobi, nimezoea kuwaona Ice Lions, timu ya hoki ya Kenya, wakifanya mazoezi kwenye barafu ya hoteli ya Panari. Naweza kuwaona Mariners?*

Mechi za ECHL na AHL huonyeshwa FloHockey, huduma ya mtandaoni, kwa kulipia. Shida yako ni saa. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi, Nairobi iko mbele ya Portland kwa saa 8. Mechi ya saa moja jioni huko ni saa tisa usiku kwako. Kabla na baada ya hapo tofauti ni saa 7, kwa hiyo saa nane usiku. Ya Jumapili saa tisa alasiri unaipata saa tano usiku wakati wa baridi. Anza na hizo. Bukavu na Lubumbashi watoe saa moja.

*Kwa nini waamuzi wanawaacha wapigane?*

Hawawaachi, wanangoja. Kuingia kati ya ngumi na viatu vya chuma ni kuumia. Waamuzi wa mstari huingia mmoja akianguka au wakishikana. Wote wawili hupewa dakika 5, na kwa kuwa wanatoka mmoja kwa mmoja, hakuna timu inayopungukiwa.

*Jezi ya namba 52 ni kubwa mno kwangu, nami huvaa L. Nimedanganywa?*

Hujadanganywa, ndugu. Jezi halisi ya mchezo hushonwa kuvaliwa juu ya kinga za mabega na viwiko. 52 ni sawa na L ya mchezaji mwenye kinga. Wewe chukua 50, au ile ya mashabiki inayouzwa kwa S, M, L. Igeuze ndani nje, osha kwa maji baridi, anika. Mashine ya kukaushia hubandua namba. Ukitaka saini, weka kadibodi ndani, kitambaa kinyooke. Kwa puki nunua kalamu ya fedha, nyeusi haionekani.

*Tunapanga basi kwenda Trois-Rivières kuwaona ugenini. Kesi yangu ya hifadhi haijaisha, nina kibali cha kazi.*

Usiende. Trois-Rivières iko Kanada, na kibali cha kazi siyo kibali cha kusafiri. Mwombaji hifadhi akitoka Marekani bila ruhusa ya mapema ya kurudi huhesabiwa kuwa ameliacha ombi lake. Mwulize wakili wako kabla ya kulipia kiti. Nenda Worcester, Massachusetts, badala yake, nako kuna timu ya ECHL, ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi, na mpaka hauvukwi. Keti upande wa benchi la wageni, ndiko wanakokaa wachezaji wetu.