Buyabesi kwa meko ya Mombasa, hatua kwa hatua mpaka mkwe aombe wali

Nimepika hoteli za ufuoni huku Bamburi na Shanzu miaka 11, mingi yake nikiwa upande wa samaki chini ya shefu mmoja wa Marseille, Ufaransa, ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa maneno mawili, "haraka" na "bado". Sasa niko nyumbani, napika oda za watu na nawapikia wangu, na swali nalopata sana ni kama chakula cha Kifaransa kinapikika kweli kwa meko yetu haya ya gesi ya mtungi. Kinapikika bwana. Na cha kuanza nacho ni buyabesi, supu ya samaki, kwa menyu utaikuta imeandikwa bouillabaisse usitishike na hizo herufi, manake ukiangalia vinavyoingia, zafarani, shamari, thomu, tungule, ganda la chungwa, pilipili, yote haya mamako anayo kabatini, kinachokosekana ni samaki tu na mafuta ya zeituni.

Kwa asili ni chakula cha wavuvi. Marseille ni mji wa bandari kama huu wetu, na wale samaki wa miambani wenye miba mingi ambao hawauziki walikuwa wakiwachemsha wenyewe. Jina lenyewe ni vitendo viwili, chemsha halafu teremsha moto, kwa hivyo ukishalijua jina ushajua nusu ya kazi. Leo huko kwao imekuwa chakula cha ghali, mpaka mwaka 1980 wenye mikahawa kadhaa wa Marseille wakaandikiana mkataba wa nini lazima kiingie, ikiwemo samaki aina 4 kwa uchache kutoka kwa orodha yao, manake watalii walikuwa wakiuziwa supu yoyote na kuambiwa ndo hiyo. Hii yetu ya changu na chewa ukimuonyesha mtu wa Marseille atakwambia siyo. Sawa, siyo. Sisi twala.

Hatua ya 1: watoe utakaowapikia wakale nje kwanza

Najua wataka kukimbilia sufuria lakini hii usiiruke. Mlo wa Kifaransa huja kwa zamu, kuna kianzio, kuna samaki au nyama na mboga zake, kuna jibini, kuna kitamu cha mwisho, na Wafaransa wanaujali mpangilio huo mpaka UNESCO ikauingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2010. Sisi tumezoea sinia, wali uko, mchuzi uko, kachumbari na ndizi ziko, mkono uende utakako. Sasa ukimpikia mtu mzima chakula cha zamu na hajawahi kukiona, utahangaika wewe na atahangaika yeye.

Mimi niliwatoa watu 7, mke wangu, watoto, na wakwe zangu wote wawili, hoteli moja ambayo siitaji. Kikaja kibakuli cha supu na vipande viwili vya mkate. Mamake mke wangu akala, akajipangusa mdomo, akangoja, akangoja tena, kisha akamuinamia binti yake akamuuliza kwa sauti ya chini iliyosikika meza tatu, "Mwanangu, ndo tushamaliza?"

Hilo lilikuwa la kuchekesha, la pili halikuwa. Akaja kuku kwenye mchuzi mweusi mweusi wa kung'aa, nikatia ncha ya kijiko mdomoni nikajua papo hapo, mchuzi una mvinyo. Na nilikuwa nimeuliza kwa simu kama nyama ni halali nikaambiwa ndio, na kweli nyama ilikuwa halali, mchuzi ndo sikuuliza, na mimi mpishi! Sahani zikarudi zote jikoni, baba mkwe akaagiza chai.

Kwa hivyo ukipiga simu kubuki, uliza maswali mawili mbalimbali, nyama imechinjwa vipi, na mchuzi umetiwa nini. Coq au vin ni jogoo wa mvinyo, jina lasema wazi. Neno bourguignon kwa ng'ombe ni mvinyo mwekundu. Na mhudumu akikwambia eti mvinyo umechemka umeruka wote, si kweli, hubakia kiasi, nimeipika mimi hiyo kwa miaka. Maneno mengine ya menyu: entrée kwa Mfaransa ni kianzio, chakula chenyewe ni plat. Menu ni seti nzima kwa bei moja, à la carte ni kuchagua kimoja kimoja na kila kimoja na bei yake, na mkiwa wengi seti kwa kawaida huwa nafuu. Steki usipotaja watakuletea ina wekundu katikati, kwa wazee sema bien cuit, iive vizuri, halafu mhudumu akikunja uso mwache na uso wake.

Hatua ya 2: samaki

Hesabu yangu ni ya watu 8. Utanunua mafungu mawili tofauti na kila moja lina kazi yake, hapa ndo wengi hukosea wakanunua samaki mmoja mkubwa wakarudi nyumbani.

Fungu la kwanza ni la kutoa ladha, kilo moja na nusu ya samaki wadogo wadogo mchanganyiko, changu watoto, pono wadogo, tafi, pamoja na vichwa vya chewa. Mwambie anayekuparia samaki asitupe vichwa wala mifupa, atoe matamvua tu manake yanatia uchungu. Fungu la pili ndo la kula, kilo mbili, angalau aina tatu za nyama ngumu na laini, mimi hupenda chewa, kole-kole na changu mkubwa, ukiwa na pesa ongeza kamba nusu kilo au kaa wawili. Nguru na jodari waache kwa leo, wana mafuta mengi wataipoteza supu.

Nenda asubuhi, angalia jicho limejaa na matamvua mekundu. Na hesabu upepo pia, wakati wa kaskazi bahari imetulia samaki hupatikana, kusi ikichachamaa wavuvi wengi hawatoki na bei inapanda, usipange karamu ya wakwe mwezi wa saba ukategemea bahati.

Hatua ya 3: zafarani

Kwa ua moja hutoka nyuzi tatu tu na gramu moja yataka maua kama 150, sasa mtu akikuuzia kifuko kizima kwa bei ya manjano jiulize. Tia nyuzi mbili kwenye maji ya vuguvugu. Ya kweli hutoa rangi ya dhahabu polepole na uzi wenyewe wabaki mwekundu, ya uongo humwaga rangi mara moja na uzi ukawa mweupe. Ukiwa nayo ya kweli, mifinyo miwili ya vidole iloweke kwenye kikombe cha maji ya moto nusu saa.

Hatua ya 4: chemsha

Sufuria kubwa, lile la pilau. Mafuta ya zeituni nusu kikombe, vitunguu maji viwili vikubwa vilivyokatwa, moto mdogo, vilainike visipate rangi kabisa, hii si biriani. Tia thomu punje 6 zilizopondwa, tungule 4 zilizomenywa, kijiko kidogo cha shamari, na kipande cha ganda la chungwa urefu wa kidole, toa ile nyama nyeupe ya ndani au itatia uchungu. Kisha lile fungu la samaki wadogo na vichwa, wakoroge wakiwa wakavu dakika kama 5 mpaka waanze kuvunjika vunjika na jikoni kunukie.

Sasa sikiliza vizuri. Maji yawe yashachemka kwa birika, lita mbili na nusu hivi, yamwage yakiwa moto na uwashe gesi mpaka mwisho. Mpaka mwisho kabisa. Mimi mara ya kwanza kuipika nyumbani nilijifanya mstaarabu nikaichemsha kwa moto mdogo saa nzima, nikadhani Kifaransa ni taratibu, ikatoka maji chini mafuta juu, ladha ya hospitali. Ule moto mkali ndo unaoyapiga mafuta na maji yakashikana, supu ikawa nzito kidogo na rangi ya tofali. Shefu wangu alikuwa akisimama nyuma yangu, "haraka, haraka", nami nadhani ananiharakisha mimi kumbe anaongelea sufuria.

Dakika 20 zatosha, 25 kama vichwa ni vikubwa. Zima, ponda kila kitu kwa mwiko humo humo ndani, kisha pitisha kwenye chujio la chuma ukikandamiza kwa mgongo wa upawa mpaka mabaki yawe makavu kama machicha. Hapo mkono utachoka. Ule uji uji mzito unaodondoka mwisho chini ya chujio, ukwangue wote, huo ndo supu yenyewe, wengi huutupa na machicha. Sasa tia zafarani na maji yake (bakisha kijiko kimoja), chumvi, na uonje.

Hatua ya 5: ruyi

Ni sosi ya kupakia mkate, rouille, maana yake kutu kwa sababu ya rangi. Kwenye kinu cha thomu twanga punje 3 za thomu na chumvi, pilipili mbuzi nusu bila mbegu, kiazi kimoja kidogo kilichochemshwa, na ile zafarani uliyobakisha. Kisha mafuta ya zeituni kidogo kidogo kama unatia tone kwenye sikio la mtoto, huku ukizungusha mchi upande mmoja, mpaka iwe nzito. Kuna wanaotia kiini cha yai bichi, ila yai bichi na joto la Mombasa mimi siviweki meza moja.

Hatua ya 6: teremsha

Hii haifanywi mpaka wageni washakaa. Rudisha supu motoni, viazi 6 vya kukatwa vipande vya unene wa kidole vitangulie dakika 10. Kisha samaki kwa zamu, kole-kole na kaa kwanza, baada ya dakika 4 au 5 chewa, mwisho changu na kamba ambao dakika 5 zawatosha. Ikishachemka mara moja teremsha moto, na usikoroge, tikisa sufuria tu kwa masikio yake. Mtu akija kufunua kifuniko mwambie bado.

Ukitia samaki wote pamoja changu atamomonyoka na miba yake itaenea kwenye supu nzima, na wazee na watoto ndo watakaoipata kooni.

Hatua ya 7: pakua

Boflo la jana, likate vipande vyembamba ulichome mpaka likauke kabisa, mkate laini hulowa ukazama. Zamu ya kwanza ni supu peke yake kwenye bakuli, mkate umepakwa ruyi unaelea juu. Samaki na viazi viko kwenye sinia kubwa pembeni, vinafuata baadaye na upawa wa supu juu yake, na hapa mimi huwaachia watu sinia lao, wakae mkekani wale kwa mkono wakitaka, sijaona Mfaransa akija kukagua.

Kitamu cha mwisho kifanye usiku wa kuamkia siku hiyo ukiweke frijini, mimi hufanya krem karameli, mayai 4 kwa nusu lita ya maziwa na iliki badala ya vanila, nayo ni mambo ya siku nyingine.

Mamake mke wangu siku nilipompikia alikula supu, akala samaki, akasifu, mashallah, kisha akaangalia huku na huku. "Baba, na wali?" Nikamwambia mama hiki hakina wali. Akasema "haya" ile ya mtu asiyekubali.

Sasa supu ikibaki, na itabaki, itoe samaki na miba yote, ipoze haraka kwa kuweka sufuria kwenye karai la maji baridi, kisha frijini, usiilaze mekoni na joto hili. Kesho yake vikombe viwili vya pishori vilivyoroweshwa, vikombe vitatu vya hiyo supu badala ya maji, tui zito robo kikombe juu, funika, moto mdogo mpaka ukauke, palia makaa kama unayo. Nilimpelekea bakuli moja Kisauni. Siku hizi akipiga simu haulizi buyabesi nitapika lini, auliza itabaki kiasi gani.