Kiarabu baada ya "hadha kitabun" (hiki ni kitabu): vile nilitoka kwa kukwama (somo + maswali)

Asalam aleykum wote, na wale si Waislamu habari za jioni. Niliahidi hii kitu tangu Ramadhani, haya basi.

Wengi tuko hapa: kusoma unasoma, salamu unajua, kujitambulisha si shida, alafu siku moja ticha anaandika aya ya gazeti ubaoni haina hata irabu moja na klasi nzima inanyamaza kama imemwagiwa maji. Mimi nilikaa hapo karibu mwaka. Nikitoka job napanda mat ya Eastleigh, klasi ni baada ya Maghrib juu ya duka la vitambaa, nakariri maneno ishirini, Jumatatu ikifika nimebaki na matatu. Kumbe nilikuwa naokota neno moja moja kama mtu anachambua mchele.

Hatua ya 1: daftari la mizizi

Hapa ndio kwenye nyama. Maneno mengi ya Kiarabu yanatoka kwa herufi tatu, na wewe mswahili nusu ya kazi ushafanyiwa. Chukua ain-lam-mim. Elimu, mwalimu, mtaalamu, maalumu, hizi zote umesema toka nasari. Sasa zirudishe kwao: *alima* alijua, *allama* alifundisha, kwa hivyo *muallim* ni anayefundisha. *Taallama* alijifunza, kwa hivyo *mutaallim* ni anayejifunza (sisi tulimpandisha cheo akawa bingwa, kwa Waarabu bado ni mwanafunzi, maskini). *Maalum* ni kinachojulikana. Alafu *istaalama*, aliulizia, ndio maana kwa ofisi zao unaona dirisha limeandikwa *istiilamat*, pale pa kuulizia. Mzizi mmoja huo tu.

Ukurasa mmoja, mzizi mmoja. Mizizi mitatu kwa wiki inatosha, usijitie ujuaji ukaandika kumi.

Hatua ya 2: mizani

Hayo mabadiliko umeona hapo juu yana mpangilio, vitabu vingi vinafundisha mizani kumi, yaani maumbo kumi ya kitenzi. Usikariri kumi kwa mpigo. Anza na ya 2, ya 5 na ya 10 kwa sababu tayari umeziona kwa muallim, mutaallim na istaalama. Ya 9 ni ya rangi na vilema, haitokei sana, iruke kwanza. Ya 10 mara nyingi ni kutafuta au kuomba kitu: *ghafara* alisamehe, *istaghfara* aliomba msamaha.

Hatua ya 3: kamusi

Ustadh alituambia tutafute *mustashfa*, hospitali. Nikaingia kwa mim, nikapekua mpaka kidole kikachoka, sioni kitu. Mzee mmoja tulikuwa tunaketi naye nyuma akafungua shin, akapata saa hiyo hiyo, akaniambia "kijana, mvue koti kwanza ndio umjue ni nani." Mim, sin na ta ni koti. Ndani kuna shin-fa-ya, ile ile shifaa yetu. Mustashfa ni mahali pa kutafutia shifaa. Kamusi nyingi za wanafunzi zimepangwa kwa mzizi, ukijua kuvua koti umeshamaliza.

Hatua ya 4: masikio

Kiswahili kimetulemaza kidogo hapa. سيف ni upanga, صيف ni msimu wa joto, na sisi zote tunasema "saif" bila aibu. Jirekodi kwa simu, sikiza, linganisha na msomaji wa habari wa Al Jazeera. Utajichukia siku mbili tatu, itapita.

Hatua ya 5: maandishi bila irabu

Aya moja kwa siku, basi. كتب inaweza kuwa *kataba* aliandika, *kutiba* kiliandikwa, ama *kutub* vitabu. Usikisie neno likiwa peke yake, soma mpaka mwisho wa sentensi ndio urudi.

MASWALI

Wa South C: Ustadh, mbona wingi hauna kanuni? Kitab, kutub. Qalam, aqlam. Kursi, karasi. Nimechoka.

Mimi si ustadh bana, ni mwanafunzi tu amekutangulia. Kanuni ziko ila ni nyingi, kwa hivyo usiwahi kuandika umoja bila wingi wake kando. Na ujue wingi wa vitu visivyo watu unachukua sifa ya kike umoja: *kutub jadida*, vitabu vipya. Mtu amekua na ngeli za ki-vi na li-ya hafai kulalamika kwa hii.

Mama wa Pangani: Nilimwambia mwalimu mtihani wake ni "rakhis" akacheka mpaka akakaa chini. Kwani nilisema nini?

Hahaha pole mama, ulimwambia ni wa bei ya chini. Rahisi yetu ilitoka huko lakini kwao ilibaki kwa bei tu. Sema *sahl*. Na *mahall* nayo chunga, ni mahali, lakini mtaani mara nyingi wanamaanisha duka.

Wa Industrial Area: Natoka job saa kumi na moja na nusu, jamu ya jioni mnaijua. Siku ngapi kwa wiki?

Mbili za klasi. Zile zingine robo saa na daftari la mizizi ndani ya mat, na kama muziki ni wa kupasua masikio andika badala ya kusikiza.

Wa Kawangware: Dada yangu anaenda Saudia kazi ya nyumbani, hii fusha (Kiarabu sanifu cha vitabuni) itamsaidia ama ni kupoteza pesa?

Itamsaidia kusoma mkataba, mabango na meseji, na hiyo si kidogo. Lakini ndani ya nyumba hawaongei fusha. Mwambie atafute mtu amekaa huko amfundishe maneno ya jikoni na ya watoto kabla hajapanda ndege, na huo mkataba ausome mwenyewe kabla ya kuweka sahihi.