Ukitafuta makala PubMed, anzia Hinari

Wahadhiri wenzangu wa ukunga hapa Kisumu, hasa mnaoandaa somo usiku mkiwa nyumbani: msifungue PubMed (hifadhidata ya kutafutia makala za afya) moja kwa moja. Kama chuo chako kimesajiliwa, ingia kwanza Research4Life (tovuti ya kufikia majarida ya utafiti kwa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo) kwa jina na nywila ya chuo (mwombe mkutubi), chagua Hinari, kisha bonyeza PubMed iliyo humo ndani. Utafutaji ni ule ule. Tofauti iko mlangoni kwa mchapishaji. Ukipitia Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani na wachapishaji mwaka 2002, anakutambua kuwa wa chuo na kukufungulia makala nzima. Ukija kivyako, anakudai dola. Tupia jicho anwani iliyo juu ya ukurasa: neno «research4life» likitoweka, umeshatoka nje, na hapo ndipo wengi hudhani makala imefungwa. Rudi nyuma uingie upya. Njia hii hukwama kwa majarida ambayo mchapishaji hajaifungulia Kenya; hapo jaribu PubMed Central, hifadhi ya makala nzima zinazosomwa bure. Na majarida yetu ya Afrika? Mengi hayamo PubMed kabisa. Yatafute AJOL (African Journals Online), tovuti ya majarida ya Afrika, ambako mengi husomwa bure.