Somo: Kuikagua kwa kompyuta kemikali inayohamia kwenye chakula kutoka kwenye plastiki ya kufungashia

Tuchukue 2,4-di-tert-butilifenoli. Kwa kawaida haitiwi kwenye plastiki kwa makusudi. Huzaliwa Irgafos 168, kiungo kinachokinga plastiki isiharibiwe na joto, inapovunjika. Vitu vya namna hii ni vingi mno kuvijaribu vyote kwa wanyama.

Hatua ya 1. Andika molekuli kwa herufi za SMILES, yaani namna ya kuandika umbo la molekuli kwa mstari mmoja ambao kompyuta inausoma: CC(C)(C)c1ccc(O)c(c1)C(C)(C)C. Ukikosea tawi moja, programu itakujibu bila aibu kuhusu kemikali nyingine.

Hatua ya 2. Tafuta dalili za kuharibu vinasaba, yaani sehemu za molekuli zinazojulikana kuleta madhara hayo. Tumia mifumo miwili, mmoja wa kanuni za wataalamu na mwingine wa takwimu. Programu za Toxtree na VEGA ni za bure. Hapa msikimbilie. "Hakuna dalili" huenda ikamaanisha molekuli haina ubaya, au programu haijawahi kufunzwa chochote kinachofanana nayo. VEGA huonyesha jibu linategemeka kiasi gani. Mimi husoma hapo kwanza, jibu baadaye.

Hatua ya 3. Ipange kwenye madaraja ya Cramer, yanayopanga kemikali kwa umbo lake: la I hutiliwa shaka kidogo, la III zaidi. Ukomo wa kiasi cha kula bila wasiwasi mkubwa, kwa mtu wa kilo 60 kwa siku, ni mikrogramu 1800 daraja la I, 540 la II, 90 la III. Penye dalili ya kuharibu vinasaba ni 0.15 tu.

Hatua ya 4. Kadiria kinacholiwa. Ulaya huchukulia kilo 1 ya chakula kilichofungashwa kwa siku. Tuseme imehama miligramu 0.01 kwa kilo: hiyo ni mikrogramu 10, chini ya ukomo hata wa daraja la III. Ingekuwa na dalili, ingepita ukomo zaidi ya mara 60, na hapo ni maabara, kipimo cha Ames, kinachotumia bakteria kuona kama kemikali inabadili vinasaba.

Swali: Mwalimu, na mtoto mchanga?
Jibu: Hesabu kwa uzito. Mikrogramu 90 za daraja la III kwa kilo 60 ni 1.5 kwa kilo, hivyo ukomo wa mtoto wa kilo 5 ni 7.5. Walio chini ya wiki 16 huangaliwa peke yao.

Swali: Risasi je?
Jibu: Hapana. Madaraja haya hayahusu metali wala dioksini.

Swali: Mama mkwe huhifadhi maji kwenye ndoo iliyokuwa ya rangi. Programu itasaidia?
Jibu: Utaiandikia molekuli gani, ndugu yangu? Hatujui mabaki yaliyomo. Mnunulieni ndoo iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula.