Matofali ya interlock: pima udongo kabla hujakodi mashine

Tangu majirani huku Kisauni, Mombasa, waone ukuta wangu wa interlock, yaani matofali ya udongo na simiti yanayopachikana, kila mtu swali la kwanza ni mashine ya kuyashindilia inakodiwa pesa ngapi. Wee tulia, mashine baadaye, anza na udongo manake huo ndo utakutia hasara.

Toa ule wa juu wenye mizizi, chimba kama nusu mita hivi uchukue wa chini, uchekeche. Mwambie fundi wa mbao akutengenezee kisanduku cha urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, kipake mafuta ndani, jaza udongo uliolowa ushindilie, uache juani siku tatu ama kivulini wiki. Ukikauka unanywea, sasa usukume wote upande mmoja upime pengo lililobaki. Likiwa chini ya milimita 12 tia karai moja la simiti kwa makarai 18 ya udongo, likikaribia 50 basi moja kwa 12. Likipita 50 huo mfinyanzi umezidi, ongeza mchanga upime tena.

Mchanga lakini si wa bichi! Najua uko hapo tu na ni wa bure, ila chumvi yake inakula nondo na ukuta unatoa ungaunga mweupe. Maji pia yaonje kwanza, visima vyetu vingi ni vya chumvi, mie nilinunua maji matamu ya mkokoteni.

Koroga udongo na simiti vikavu mpaka rangi iwe moja, ndo unyunyize maji kidogokidogo. Fumbata donge, liachie toka usawa wa bega. Likivunjika vipande vinne vitano, sawa, likitawanyika kama unga ongeza maji, likilala kama chapati umezidisha. Mie siku ya kwanza nilichanganya rundo zima asubuhi, tukaenda zetu chai na mahamri, kurudi simiti imeshaanza kushika, tukatia maji mengine tukashindilia hivyohivyo, yale matofali yote ukiyashika kona inabaki mkononi. Changanya kile utakachomaliza ndani ya nusu saa basi.

Yakitoka kwa mashine yaweke kivulini, funika nailoni, mwagilia asubuhi na jioni wiki nzima. Hayachomwi haya, hakuna kuni wala tanuri, ni simiti na unyevu ndo vinayakaza, kwa hivyo fundi akikwambia siku ya tatu eti yako tayari, ni makavu kwa macho tu. Subiri siku 28.

Msingi uwe wa mawe, uinuke juu ya ardhi. Mstari wa kwanza ulaze kwa mota na upige pimamaji mara mbili tatu, manake mingine yote unapachika tu juu yake, ukikosea chini kosa linapanda nawe mpaka juu. Na paa lichomoze nje vizuri, mvua ya Mei huku inapiga ukuta kwa ubavu.